Ahadi kwa Mfuko wa Mwenzako

Januari 1921 wanafunzi wa Kichina waliokuwa Ufaransa walipokea matangazo mawili, moja la tarehe 12, jingine la tarehe 16. Yote yalitoka kwa jina la Cai Yuanpei, mkuu wa Chuo Kikuu cha Peking, mtu ambaye mzazi wa mkoa wa Hunan au Sichuan akisikia jina lake alimwachia mwanawe asafiri bila wasiwasi. Cai alikuwa pia mwenyekiti, kwa upande wa China, wa Jumuiya ya Elimu ya China na Ufaransa, chombo kilichowaita vijana hao ng'ambo wafanye kazi viwandani huku wakisoma. Matangazo yalikuwa na maneno mengi, lakini ukiyakamua ulibaki na jambo moja: Jumuiya haina tena dhamana ya fedha juu yao. Posho ingetolewa hadi mwisho wa Februari. Baada ya hapo, kila mtu na lwake.

Vijana wa mpango huo walikuwa takriban 1,600. Wapo waliokuwa hawajatimiza miaka 18. Wengi hawakuwa na nauli ya kurudi, Kifaransa chao kilikuwa cha kuombea maji, na kwao kulikuwa mbali kwa zaidi ya wiki tano za meli.

Kisa hiki kimepita miaka 100, na bado kinafaa kusimuliwa kila mahali ambapo chama cha wanafunzi kinajipa kazi ya kuiunganisha China na ulimwengu. Kinafaa kwa sababu waliowaacha vijana hao njiani hawakuwa matapeli. Tapeli hana funzo kubwa. Akikuibia unajifunza kufunga mlango, basi. Hawa walikuwa wasomi, wazalendo, watu waliotumia mali na umri wao kwa ajili ya elimu. Wema wao ulikuwa wa kweli, na madhara waliyosababisha yalikuwa ya kweli vilevile. Namna mambo hayo mawili yalivyokaa pamoja ndiyo habari yenyewe.

Mwanzo wake ulikuwa soya. Li Shizeng, aliyezaliwa 1881, mtoto wa kiongozi mkubwa katika dola ya Qing, alifika Ufaransa 1902 akiwa katika msafara wa balozi. Ubalozi haukumkaa moyoni. Aliingia shule ya kilimo karibu na Montargis, mji mdogo wa mifereji kusini mwa Paris, kisha akaenda Taasisi ya Pasteur kuchunguza soya. Mwaka 1909 alikuwa na kiwanda chake La Garenne-Colombes, pembezoni mwa Paris, akitengeneza tofu, maziwa ya soya na unga wa soya, ili Wafaransa wale. Vibarua aliwaleta kutoka Gaoyang, kaunti ya kwao. Mchana walisaga na kukamua soya. Jioni walikaa darasani wakifundishwa Kifaransa na sayansi. Sigara, pombe na kamari vilipigwa marufuku. Mwanamapinduzi Sun Yat-sen alikitembelea kiwanda hicho mwaka huohuo, akakisifu.

Li aliamini kwamba watu wanaweza kuishi vizuri bila serikali ya kuwatawala, na kwamba ugonjwa wa China ulikuwa ule ukuta kati ya msomi asiyeshika jembe na mfanyakazi asiyeshika kalamu. Pale kiwandani aliona ukuta umepasuka. Kwa nini basi isiwe nchi nzima? Yeye na rafiki yake Wu Zhihui waliunda mwaka 1912 chama cha kuwapeleka vijana kusoma Ufaransa kwa gharama ndogo; kikapeleka wachache, kisha Yuan Shikai, aliyekuwa ameshika madaraka Beijing, akakibana mwaka uliofuata. Mwaka 1915 likaongezwa wazo la kazi: mikono ilipie akili. Mwaka 1916 ikazaliwa Jumuiya ya Elimu yenyewe, Cai akiwa mwenyekiti kwa upande wa China na Alphonse Aulard, mwanahistoria maarufu wa Mapinduzi ya Ufaransa, kwa upande wa pili. Ukisoma majina ya waasisi ungesema hapa hakuna la kuharibika.

Wakati huo Ulaya ilikuwa vitani, na Uingereza na Ufaransa zilikuwa zinaajiri Wachina. Takriban 140,000 walikuja kuchimba mahandaki, kupakua meli na kufanya kazi viwandani. Hapa pana jambo la kulitazama kwa karibu. Kibarua yule, ambaye mara nyingi hakujua kusoma, alikuja na mkataba. Mkataba ulitaja ujira, chakula, malazi na safari ya kurudi kwao. Dola mbili zilisimama nyuma ya karatasi hiyo. Wanafunzi waliofuata baada ya vita walijua kusoma, tena walisoma sana, ila hawakuwa na karatasi ya namna hiyo. Walikuwa na vipeperushi vya Jumuiya, hotuba za wakubwa, na shule za maandalizi zilizofunguliwa Baoding, Changsha, Chongqing na kwingineko, ambako walifundishwa Kifaransa kidogo na ufundi kidogo. Kibarua alibeba dhamana, mwanafunzi akabeba hamasa.

Kundi la kwanza, wanafunzi 89, liliondoka Shanghai Machi 1919. Kijana mmoja wa Hunan aliyeitwa Mao Zedong alikwenda hadi Shanghai kuwaaga wenzake. Yeye mwenyewe hakupanda meli. Wengi kati ya waliotoka Hunan walivutwa na Xinmin Xuehui, chama kidogo cha wanafunzi kilichoundwa Changsha mwaka 1918. Wanachama wake walikuwa wachache, lakini mipango yao ilikuwa mikubwa: baadhi wabaki nyumbani, baadhi wavuke bahari, barua ziende na kurudi, kila upande uujuze mwingine unachojifunza. Ukitafuta mfano wa chama cha wanafunzi kilichojitwika kuiunganisha China na dunia, huu ni mmoja wa mifano safi kabisa. Nguzo yake upande wa Ufaransa ilikuwa Cai Hesen, rafiki mkubwa wa Mao. Aliondoka Desemba 1919 pamoja na dada yake Cai Chang, mchumba wake wa baadaye Xiang Jingyu, na mama yake mzazi, Ge Jianhao, aliyekuwa amevuka miaka 50. Mama huyo aliingia darasani Montargis pamoja na mabinti wa rika la mwanawe, akawa anafuma na kudarizi ili apate cha kutumia.

Mwaka 1920 meli zilifuatana. Septemba ile kutoka Shanghai iliondoka meli ya André Lebon, na ndani yake, katika daraja la chini kabisa, walikuwemo zaidi ya vijana 80 wa shule ya maandalizi ya Chongqing. Mmoja wao alikuwa na miaka 16, mfupi wa kimo, akisafiri na ndugu wa ukoo wake aliyemzidi miaka michache tu. Huyo ni Deng Xiaoping. Walishuka Marseille Oktoba 19. Deng alipelekwa shule ya Bayeux, kaskazini. Miezi mitano baadaye pesa zikaisha, shule ikaisha nazo.

Tumfuate kijana huyo kidogo, maana safari yake inaonyesha hesabu ya mpango mzima ilivyokuwa. Aprili 1921 aliajiriwa katika kiwanda cha chuma cha Schneider, Le Creusot. Kazi ilikuwa kuvuta vyuma vilivyotoka tanuri vikiwa vyekundu, kwa koleo ndefu, ndani ya joto lisilovumilika. Kwa umri wake alilipwa kama mwanagenzi: faranga 6 na senti 60 kwa siku. Mtu aweke akiba gani hapo, alipe ada ya shule gani? Aliacha baada ya wiki chache. Mwaka uliofuata alikuwa Châlette, karibu na Montargis, katika kiwanda cha mpira cha Hutchinson, akitengeneza viatu vya mpira vinavyovaliwa juu ya viatu vya kawaida wakati wa mvua. Kadi yake ya kazi iliyohifadhiwa ina maelezo mafupi ya mwaka 1923: amekataa kufanya kazi, asirudishwe tena. Kati ya miaka mitano na ushee aliyokaa Ufaransa, muda aliokaa darasani ulihesabika kwa miezi.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakuomba hata zile siku mbili. Walikuwa tayari kushika jembe tangu wanashuka bandarini. Tatizo ni kwamba jembe halikuwepo. Waasisi walipiga hesabu wakati wa vita, Ufaransa ilipokuwa inalia na upungufu wa mikono. Vita vilipokwisha, mwanzoni kazi zilipatikana. Lakini askari walirudi nyumbani wakidai nafasi zao, oda za silaha zikakauka, na mwisho wa 1920 uchumi ukadorora. Wa kwanza kupunguzwa kazini akawa mgeni asiye na ufundi wala lugha. Wakajazana La Garenne-Colombes, kwenye nyumba ya Wachina, nyumba ikajaa, wakapiga mahema bustanini. Jumuiya ikawapa faranga 5 kwa siku. Na nyumbani meli zilikuwa bado zinapakia.

Hapo ndipo penye kosa lenyewe. Jumuiya iliahidi kazi katika viwanda isivyovimiliki, shule katika vyuo isivyovisimamia, na usalama katika nchi isiyoitawala. Ilikuwa na majina makubwa bila mtaji. Ni kama kamati ya harusi inayochapisha kadi, kukodi ukumbi na kualika watu 500 kabla hata mtu mmoja hajaahidi mchango. Kila mjumbe anaamini mwenzake atatoa. Siku ya siku ikifika, mpishi anataka chake, na bwana harusi ndiye anayeaibika.

Cai alipofika Ufaransa aliikuta hali hiyo, na matangazo yake yakafuata. Yalieleza kwamba Jumuiya haina fedha, na hiyo ilikuwa kweli. Yakawalaumu pia baadhi ya wanafunzi kwamba hawana moyo wa kazi wala uwezo wa kusoma. Wanafunzi nao waliwashutumu maofisa wa Jumuiya kwa ubadhirifu na upendeleo. Inawezekana kila upande ulikuwa na chembe ya haki. Lakini angalia ni nani aliyejitoa kwa karatasi mbili, na ni nani aliyebaki hemani mwezi Januari.

Wanafunzi wakaenda ubalozini. Tarehe 28 Februari 1921 mamia yao walikusanyika mbele ya ubalozi wa China jijini Paris wakidai mambo mawili, haki ya kuishi na haki ya kusoma. Balozi Chen Lu hakuwa na jibu la maana. Msimamo kutoka Beijing ulikuwa kwamba asiyeweza kujikimu arudishwe. Polisi wa Ufaransa wakawatawanya. Kwa hiyo katika wiki chache mwanafunzi yuleyule aliambiwa na Jumuiya kwamba yeye ni wa serikali yake, na serikali ikamwambia kwamba ni wa mfuko wake mwenyewe. Wenyeji walimwona kama suala la ulinzi wa mtaa. Ahadi ni deni, sawa, lakini deni hili halikuwa na mdaiwa.

Wala wanafunzi wenyewe hawakusimama pamoja. Kundi la Montargis, Cai Hesen na wenzake, liliona serikali ndiyo inayopaswa kulipa. Kundi jingine, la Zhao Shiyan na Li Lisan, liliona heshima ya mpango ni kazi, na kwenda kupiga hodi ubalozini ni kujidhalilisha. Likajitenga na maandamano ya Februari. Kulikuwa na vyama vya watu wa mkoa mmoja, vya shule moja, vya itikadi moja. Kila chama kilikuwa na katibu, na kila katibu alikuwa na tamko. Ilichukua miezi kadhaa, na pigo jingine, kabla hawajakaa meza moja.

Pigo hilo lilikuwa Lyon. Li Shizeng, Wu Zhihui na marafiki zao wa Kifaransa walikuwa wamepata ngome ya zamani ya kijeshi, Saint-Irénée, juu ya kilima, ili waigeuze kuwa chuo cha Wachina. Wanafunzi waliokuwa wanataabika viwandani walitumaini kwamba chuo hicho ni chao. Kumbe Wu alikuwa njiani kutoka China na wanafunzi wapya zaidi ya 100, waliochaguliwa huko huko na wenye wa kuwalipia. Katikati ya Septemba msaada wa mwisho wa faranga 5, uliokuwa umeendelea kupita ile Februari, ulikatwa. Tarehe 21 watu zaidi ya 100, wakiwa kikosi cha mbele cha wenzao, walipanda treni hadi Lyon wakaingia ngomeni. Polisi waliwazingira, wakawapeleka katika kambi ya jeshi wakawaweka kizuizini. Wu alifika siku hizo hizo na wanafunzi wake wapya. Mazungumzo hayakuwatoa waliofungwa. Oktoba 1921 wanafunzi 104 walipakiwa kwenye meli Marseille kurudishwa China. Miongoni mwao walikuwa Cai Hesen, Li Lisan, na kijana wa Sichuan aitwaye Chen Yi, ambaye miaka 37 baadaye angekuwa waziri wa mambo ya nje wa China.

Waliobaki walikuwa wamepata elimu, ila siyo ile iliyotajwa kwenye vipeperushi. Juni 1922 wajumbe 18 walikutana katika msitu wa Boulogne, kando ya Paris, wakakodi viti vya chuma kwa bibi mmoja Mfaransa, wakakaa duara na kuunda chama cha vijana wa kikomunisti wa Kichina barani Ulaya. Zhao Shiyan, yule aliyehubiri heshima ya kazi, alikuwepo. Zhou Enlai alikuwepo. Deng alijiunga nao, na usiku akawa anachonga stensili na kuzungusha mashine ya kudurufu gazeti lao, hadi wenzake wakamtania kwa kumwita daktari wa durufu. Li Shizeng alitaka kulea watu wasioamini dola. Mpango wake ulipoanguka, uliwalea watu waliokwenda kujenga dola yenye nguvu kuliko zote China iliyowahi kuona.

Na mwisho wa uhusiano huo ulikuwa mchungu. Aprili 1927 chama cha Guomindang kiliwageukia wakomunisti mjini Shanghai na kuanza kuwaua. Li Shizeng, Wu Zhihui na Cai Yuanpei, wakiwa wazee wa chama hicho, waliiunga mkono hatua ya kuwasafisha. Mwezi Julai Zhao Shiyan aliuawa Shanghai. Mwezi huohuo aliuawa Chen Yannian, naye mwanafunzi wa mpango wa Ufaransa, aliyewahi kumfuata Wu kimawazo. Haikuwa kisasi cha posho wala cha Lyon. Siasa za China zilikuwa na sababu zake. Lakini mtu akijiuliza urafiki wa mwaka 1919 ulianza kufa lini, asianze kutafuta mwaka 1927. Arudi kwenye zile karatasi mbili za Januari.

Kuna utetezi unaosikika kila kisa hiki kinaposimuliwa, nao una nguvu. Watu husema: tazama mavuno! Zhou, Deng, Chen Yi, Nie Rongzhen, Cai Chang. Mji wa Montargis leo una jumba la kumbukumbu ya wanafunzi hao na uwanja wenye jina la Deng Xiaoping mbele ya kituo cha treni, na watalii wa Kichina hufika kupiga picha. Je, mpango uliotoa waziri mkuu wa kwanza wa Jamhuri ya Watu wa China na mtu aliyeifungua nchi hiyo kwa biashara ya dunia unaweza kuitwa kushindwa?

Unaweza. Chama cha wanafunzi hakipimwi kwa watano waliopata umaarufu. Kinapimwa kwa yule wa katikati ya orodha. Huyo alitumia ujana wake akihama kutoka kiwanda hadi kiwanda, akarudi kwao bila cheti, au hakurudi. Isitoshe, umaarufu wa baadaye haulipi deni la zamani. Deng hakuwa Deng kwa sababu Jumuiya ilimtupa. Asingetupwa, huenda angekuwa mhandisi mzuri, na huenda bado angekuwa Deng. Kumsifu aliyetuacha kwa kuwa tuliokoka ni heshima tunayoitoa mahali pasipostahili.

Ushahidi kwamba mambo yangeweza kwenda vingine uko palepale Lyon. Ile taasisi iliyowafungia mlango wanafunzi wa viwandani iliendelea hadi miaka ya 1940 na kupokea wanafunzi 473. Baadhi yao walifika hadi shahada za udaktari. Waanzilishi walikuwa walewale na nchi zilikuwa zilezile. Tofauti ilikuwa kwamba mlipaji alijulikana kabla mlango haujafunguliwa: serikali za China na Ufaransa zilikuwa na fungu lake, na idadi ya wanafunzi ilifuata fungu hilo. Ilikosa kitu kimoja ambacho mpango wa kazi ulikuwa nacho, yaani nafasi kwa mtoto wa maskini. Hasara hiyo si ndogo. Lakini nafasi isiyo na mlipaji ilimfikisha mtoto wa maskini hemani, na baadaye kizuizini.

Siku hizi meli zimegeuza uelekeo. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ya China ilihesabu wanafunzi wa kigeni 492,185, na 81,562 kati yao walitoka Afrika. Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi na Wakongo wamo. Karibu kila jiji lenye vyuo vikubwa lina chama chao, chenye mwenyekiti, katibu na kundi la WhatsApp au WeChat. Vyama hivyo hufanya kazi nzuri: kumpokea mgeni uwanja wa ndege, kumwonyesha kituo cha polisi anakojiandikisha, kuchangia msiba, kusherehekea siku ya uhuru na kupika pilau kwa ajili ya wenyeji. Lakini wako pia mawakala, na mara nyingine viongozi wa vyama wanaogeuka mawakala, wanaomwambia mzazi maneno yaleyale ya mwaka 1919: lipa mwaka wa kwanza tu, mwaka wa pili kijana atafanya kazi jioni ajilipie.

Sheria ya China haisemi hivyo. Aliyeingia kwa kibali cha masomo haruhusiwi kufanya kazi bila idhini ya chuo chake na ya mamlaka ya uhamiaji, na akikamatwa anatozwa faini, hata kurudishwa kwao. Anayemwahidi kijana ujira wa kufundisha Kiingereza kwa siri anaahidi kwa mfuko wa mwajiri asiye halali, katika nchi ambayo mwahidi hana sauti. Makosa yaleyale ya Jumuiya yamo ndani ya sentensi moja.

Hata pasipo wakala, dunia hubadilika bila kuomba ruhusa. Januari 23, 2020, Wuhan ilifungwa, na ndani yake walikuwemo wanafunzi kutoka Afrika Mashariki. Nchi nyingine zilituma ndege kuwachukua watu wao. Nyingine ziliwaambia vijana watulie mabwenini. Machi China ilifunga mipaka yake, na waliokuwa wamekwenda likizo makwao walikaa nje hadi Agosti 2022 ndipo viza za wanafunzi zilipoanza kutolewa tena. Kuna waliosomea udaktari wa binadamu kupitia simu kwa zaidi ya miaka miwili. Hakuna chama cha wanafunzi kilichosababisha hayo, na hakuna ambacho kingeyazuia. Kilichowezekana ni kila mwanafunzi ajue mapema nani wa kumpigia, na yule wa kupigiwa ajue mapema kwamba yeye ndiye.

Kijana anayetaka kwenda, aombe kwanza karatasi kama ile ya kibarua wa 1917. Imtaje mlipaji wa ada kwa mwaka wa pili na wa tatu, kwa sababu mwaka wa kwanza kila mtu analipa. Imtaje atakayelipa nauli ya kurudi mambo yakienda kombo. Mzazi naye asitulizwe na jina kubwa la msomi au la kiongozi, kwa kuwa halikuwepo jina kubwa kuliko la Cai Yuanpei. Na wanafunzi walioko huko tayari waunde umoja wao wakati posho bado inaingia. Wale wa Ufaransa walianza kuelewana walipokuwa wanafukuzwa.

Lakini mzigo mzito ni wa wenye vyama. Kabla hujatangaza nafasi moja, jibu maswali matatu kwa maandishi, mbele ya watu. Fedha zikikatika, nani anawajibika? Kwa muda gani? Nauli ya kurudi iko kwa nani leo hii, wala si mwakani? Chama kisicho na majibu bado kina kazi nyingi za heshima: kiandae midahalo, kichapishe jarida, kifundishe Kichina na Kiswahili, kiite wachezaji na wahadhiri. Mtoto wa mtu kisimpandishe ndege.